Huduma ya kuleta vifaranga vya sato Dodoma kutoka Morogoro: tathmini ya mfugaji wa Nzuguni

Kwa mfugaji wa samaki wa Dodoma anayetafuta mtu wa kumletea vifaranga vya sato kutoka Morogoro, nasema bila kusita: mpe kazi huyu kijana mwenye Canter ya turubai la bluu. Ameniomba nisimtaje jina mtandaoni kwa sababu gari analo moja na simu tayari zinamzidi, lakini wenye mabwawa Nzuguni, Ihumwa, Veyula na Hombolo wengi wanamjua, na ukiuliza utaelekezwa. Nitaeleza kazi yake kwa kirefu ili hata usipompata yeye ujue cha kumdai mwingine. Nitasema pia pale ambapo hajaniridhisha, hasa kwenye kusafirisha samaki wakubwa, maana huko bado simwamini.

Nilikuwa mtu wa maabara hospitalini hadi nilipostaafu. Sasa nina mabwawa mawili Nzuguni, moja la zege na jingine la kuchimba lililotandikwa nailoni nzito. Mazoea ya maabara hayajaniacha, ndiyo maana sikukubali kungoja mzigo nyumbani. Nilipanda gari hadi Morogoro, nikakaa na vijana wake tangu vifaranga vinavuliwa, nikarudi nao usiku kwenye kiti cha mbele nikiwa na kipimajoto na karatasi zangu za kupimia pH, yaani kiwango cha asidi ya maji, mkobani.

Wengi wetu tunapenda kupima usafirishaji kwa kuangalia wangapi wamefika wakiogelea. Kipimo hicho kinadanganya. Kabla ya hapo nilikuwa nimeletewa vifaranga kwa njia iliyozoeleka, vimefungwa kwenye maboksi na kuwekwa kwenye buti la basi la mchana. Vilifika hai karibu vyote, nikashangilia, nikalipa. Baada ya siku chache vikaanza kuelea, mapezi yameliwa, wengine wana utando mweupe kama pamba mgongoni. Muuzaji akasema bwawa langu ni chafu. Msafirishaji akasema muuzaji alimpa vifaranga wagonjwa. Mimi nilivikusanya kila asubuhi kwa kichujio, na kwa kweli iliniuma, kwa sababu kiumbe kidogo namna ile hakina pa kulalamika.

Samaki akikimbizwa na wavu, akabanwa na kuinuliwa, mwili wake unamwaga homoni za hofu, adrenalini kwanza na kortiso baadaye. Moyo unakwenda mbio, matamvua yanafunguka kupita kawaida ili avute oksijeni nyingi. Hapo ndipo hasara inapoanza. Samaki wa maji baridi, yaani maji yasiyo ya bahari, ana chumvi nyingi kwenye damu kuliko maji yanayomzunguka, kama gramu 9 kwa lita, wakati maji ya bwawa hata gramu moja aghalabu hayafiki. Matamvua yakifunguka sana, chumvi inamtoka na maji yanamwingia, naye anatumia nguvu nyingi kurekebisha. Wakati huohuo ule ute unaomfunika, ambao ndio ngao yake, unakwanguliwa na nyavu na mikono mikavu. Kortiso ikikaa juu kwa saa nyingi inashusha kinga ya mwili, na bakteria na ukungu ambao siku zote wamo majini wanapata nafasi. Kwa hiyo kifo kinachoonekana bwawani siku ya nne kinaweza kuwa kimeanzia kwenye ndoo ya muuzaji. Nikitathmini huduma ya namna hii, naangalia bwawa baada ya wiki.

Turudi kwa kijana wetu. Nilipompigia kuagiza, hakuanza na bei. "Shikamoo mama. Maji ya bwawani kwako ni ya wapi, ya bomba au ya kisima? Asubuhi yana nyuzi ngapi?" Nilipomwambia kwamba ni Julai na asubuhi maji yangu yanasoma nyuzi 19, alinikatalia. Akasema sato akishuka chini ya nyuzi 20 anakula kwa shida, na kifaranga aliyetoka safari akiwa hali anapona polepole; nisubiri Septemba baridi iishe. Mtu anayekataa hela yako kwa ajili ya afya ya vifaranga ambavyo bado si vyako, huyo umsikilize. Nikasubiri.

Akaniuliza tena kuhusu maji. Wakazi wa Dodoma tunajua maji ya visima vyetu yalivyo, mazito, yana chokaa na mahali pengine yana ladha ya chumvi kabisa. Sufuria za chai zinatoa ushahidi. Vifaranga vya Morogoro vimelelewa kwenye maji laini yanayoteremka Uluguru. Mabadiliko hayo si madogo, na yeye alitaka kuyajua kabla hajafunga hata mfuko mmoja. Kwa wanaotumia maji ya bomba alinieleza kwamba anawataka wayaache wazi kwenye bwawa kwa siku kadhaa yakipigwa na jua na upepo, klorini itoke, kwa kuwa klorini inaunguza matamvua.

Vifaranga vyenyewe alivichukua kwa mzalishaji mmoja binafsi nje kidogo ya mji wa Morogoro, upande wa Kingolwira, kule kilipo kituo cha serikali cha ukuzaji viumbe maji. Nilipofika nilikuta oda yangu imeshatengwa tangu jana yake kwenye tangi la zege lenye maji yanayotiririka, haijapewa chakula. Mzalishaji alikuwa ameeleza jambo hilo kwa wateja wengine waliokuwepo na baadhi walinung'unika, wakiona ni kuwanyima samaki chakula. Mimi nililifurahia kuliko yote. Samaki aliyeshiba anatumia oksijeni nyingi zaidi kumeng'enya, kisha anachafua mfuko kwa kinyesi na amonia, na amonia hiyo nyingi inatoka kwenye matamvua yake, haisubiri kinyesi. Kifaranga wa gramu chache akikaa siku nzima bila kula hadhuriki. Akisafiri na tumbo limejaa ndani ya mfuko uliofungwa, anaoga sumu yake mwenyewe usiku kucha.

Kuvua kulianza jua linazama. Vijana wawili waliingia na wavu laini usio na mafundo, wakausogeza polepole hadi kona moja, na hapo ndipo nilipoona tofauti ya kweli: hawakuwanyanyua samaki hewani. Walizamisha bakuli la plastiki ndani ya maji, wakachota samaki pamoja na maji yao, wakahamisha. Kuhesabu vilevile kulifanyika kwa bakuli, wakihesabu mabakuli machache kwa ukamilifu na kukadiria mengine kwa ujazo. Nilikuwa nimezoea kuona vifaranga vikimwagwa kwenye chujio kavu na kuhesabiwa kimoja kimoja kwa vidole ili mteja aridhike kwamba hajapunjwa. Ndugu zangu, kubalini kupunjwa vifaranga ishirini kwenye elfu. Vidole vinavyohesabu ndivyo vinavyoua mia.

Waliochubuka au waliopinda mgongo waliwekwa pembeni. Wakubwa nao walitengwa na wadogo, kila ukubwa mfuko wake.

Kisha chumvi. Alitia chumvi ya mawe, ile isiyotiwa madini joto, kwenye maji ya kusafiria. Kusudi ni lile nililolieleza juu: ukipandisha chumvi ya maji kidogo, pengo kati ya damu ya samaki na maji linapungua, na mwili unapumzika. Gramu 3 hadi 5 kwa lita zinatosha kwa sato. Ila yeye anapima kwa kiganja! Nilimwambia palepale, "Mwanangu, viganja vyako na vya kijana wako havilingani." Alicheka, akasema amezoea. Hili halikuniridhisha, na ninaliandika ili alisome. Mizani ndogo ya jikoni haizidi bei ya vifaranga vichache vinavyokufa, na mtu makini namna hii hapaswi kukadiria kitu kinachoweza kupimwa.

Mifuko ni ya nailoni nzito, miwili kwa mmoja, kwa sababu mwiba wa pezi la sato unatoboa nailoni nyepesi bila shida. Pembe za chini zimekunjwa na kufungwa kwa mpira ili vifaranga visijibane kwenye kona na kukosa hewa. Maji yalijaa theluthi moja tu. Hewa yote ilikamuliwa nje, kisha mpira wa mtungi wa oksijeni ukazamishwa hadi chini ya maji na kufunguliwa taratibu, theluthi mbili zilizobaki zikajaa oksijeni safi. Kabla ya kufunga, anabonyeza mfuko kwa kiganja. Anapenda ubonyee kidogo. Niliuliza kwa nini asiujaze ukaze, akanijibu, "Gairo ni juu, mama. Ukikaza hapa, ukifika kule unavimba na mpira unachomoka." Ni kweli kabisa, kadiri unavyopanda ndivyo hewa ya nje inavyopungua kani na ya ndani inavyotanuka, lakini sikutegemea kulisikia kutoka kwa mtu aliyejifunza kwa kupasukiwa na mifuko barabarani.

Mifuko ililazwa ubavu ndani ya maboksi, haikusimamishwa, ili eneo la maji linalogusana na oksijeni liwe pana. Kati ya maboksi aliweka chupa za maji yaliyoganda zilizoviringishwa magazeti. Juu akatandika magunia yaliyoloweshwa, kisha turubai. Gizani samaki hutulia. Baridi nayo inasaidia kwa njia mbili, na hapa naomba mnivumilie kidogo. Ya kwanza, kila maji yanapopata joto nyuzi 10 zaidi, mwili wa samaki unatumia oksijeni karibu mara mbili. Ya pili, maji ya moto yanabeba oksijeni kidogo: kwenye usawa wa bahari, maji ya nyuzi 20 yanaweza kubeba kama miligramu 9 kwa lita, ya nyuzi 30 kama 7 na nusu, na huku kwetu Dodoma, zaidi ya mita 1,000 juu, yanapungua tena. Kwa hiyo joto linamwongezea samaki njaa ya hewa na kumpunguzia hewa kwa wakati mmoja. Chupa zake zilishusha maji ya mifuko polepole kutoka nyuzi 26 hadi 22 usiku ule, nikipima kwa kuegesha kipimajoto kati ya mifuko. Barafu haiguswi na mfuko moja kwa moja, kwa sababu kushusha joto ghafla ni mshtuko mwingine.

Tuliondoka saa tano usiku. Kutoka Morogoro hadi Dodoma ni kilomita kama 260, Dumila, Gairo, Kibaigwa, kisha Chamwino na Ihumwa. Usiku lami imepoa, na yeye haendeshi kwa pupa. Kwenye matuta anapunguza mwendo hadi unahisi kama gari limesimama. Alisimama Gairo kwenye ule upepo wake wa baridi, akafunua turubai, akaminya kila mfuko, akamulika kwa tochi aliyoifunika kitambaa chekundu ili asiwashtue. Mfuko mmoja ulikuwa umelegea, akaubadilisha na kuuongeza oksijeni hapohapo kutoka kwenye mtungi mdogo anaotembea nao. Kibaigwa tulipita bila kusimama japo kijana wake alitamani chai. "Chai Dodoma," alimwambia.

Nzuguni tuliingia saa kumi na moja alfajiri, mlinzi wangu mzee akatupokea na mbukwa zake, salamu ya Kigogo.

Sasa hapa ndipo pa kumpima msafirishaji. Wengi wakifika wana haraka, wanafungua mifuko, wanamwaga, wanapokea hela, wanaondoka. Kijana huyu alimzuia shamba boi wangu aliyekuwa ameshashika kisu. Mifuko ikashushwa bwawani ikiwa imefungwa, ikaelea, na tukakaa nusu saa. Bwawa langu lilikuwa na nyuzi 24, mifuko 22; tofauti hiyo ndogo ingeweza kuvumilika, lakini alisubiri ilingane.

Hiyo ya joto wengi wanaijua. Isiyojulikana ni ya pH, na ndiyo niliyoibebea karatasi. Usiku kucha samaki wanatoa hewa ukaa, nayo ikijikusanya ndani ya mfuko uliofungwa inayafanya maji yawe na asidi kidogo. Wanatoa pia amonia. Kwenye maji yenye asidi, amonia nyingi inakaa katika hali isiyodhuru sana. Ukiufungua mfuko, hewa ukaa inatoroka, pH inapanda, na amonia ileile iliyokuwa imetulia inageuka kuwa sumu kali. Kila pH inapopanda kwa kizio kimoja, ile sehemu yenye sumu inaongezeka karibu mara kumi. Nilipofungua mfuko wa kwanza nikachovya karatasi, rangi ilisoma kati ya 6 na 7. Bwawani ilikuwa 8. Maji yetu ya chokaa ndivyo yalivyo. Mkiyachanganya maji hayo mawili mkaacha samaki wakae ndani ya mfuko wazi kwa saa nzima "wazoee", mnawapikia sumu kwa nia njema kabisa.

Kwa hiyo akishafungua anafanya kazi kwa mwendo: anachota maji ya bwawa kwa kikombe na kuyatia mfukoni mara chache ndani ya dakika kama kumi, kisha anawachota vifaranga kwa bakuli la kimia na kuwaachia. Maji ya mfuko hayaingii bwawani, anayamwaga kwenye migomba. Nilimuuliza kama anajua habari ya amonia. Alisema alifundishwa na mtaalamu wa ugani kwamba mfuko ukifunguliwa usichelewe, sababu aliisahau, lakini utaratibu hausahau. Nilimweleza sababu. Aliandika kwenye kidaftari.

Walivyoingia hawakuruka wala kuhangaika juu ya maji. Walizama chini kwenye kivuli cha ukingo wakatulia kwa makundi. Siku hiyo hakuruhusu walishwe. Chakula kidogo kikaanza kesho yake. Alinishauri nisiweke mtu wa kupitapita ukingoni, nisivute wavu kuwahesabu, na nisibadilishe maji kwa ghafla. Baada ya wiki alinipigia kuuliza hesabu ya vifo. Elfu moja nilizoagiza, niliokota chini ya thelathini, na hao wote walikuwa wa siku mbili za mwanzo. Hakukuwa na ule utando wa pamba. Ana utaratibu wa kufidia: vikifa zaidi ya mia moja kwa kila elfu ndani ya wiki, safari inayofuata anakuletea nyongeza bila malipo, mradi umtumie picha za waliokufa na umweleze joto la maji. Sharti hilo naliona la haki.

Samaki wakubwa ni habari nyingine. Anachukua pia sato na kambale wa kuuzwa hai kwa wenye vibanda vya samaki choma karibu na Nanenane na mjini. Jirani yangu alimpa kazi hiyo nikaenda kushuhudia kupokea. Wanapakiwa kwenye simtanki za lita 1,000 juu ya gari hilohilo, na jiwe la kutoa mapovu ya oksijeni chini. Tatizo la kwanza, tangi halikujazwa hadi juu wala halina vizuizi ndani, kwa hiyo maji yanabingirika kila gari linapofunga breki na samaki wanagonga ukuta. Sato kadhaa walifika na midomo iliyovilia damu na magamba yamepukutika. La pili, walijazwa wengi mno. Povu zito lilikuwa limetanda juu ya maji, na povu hilo ni ute wa samaki wenyewe. Ukiliona nene namna ile, jua wamehangaika. La tatu, oksijeni inafunguliwa kwa kubahatisha, hana kifaa cha kupima iliyomo majini. Kwa vifaranga unaweza kuhesabu mfuko na mtungi ukajua umefanya sawa. Kwa tangi lenye samaki wazito, bila kupima, unaomba Mungu.

Kambale ndio walionisikitisha zaidi. Kwa kuwa wana kiungo cha pili cha kupumulia hewa ya juu, madereva wengi wanaamini kambale hafi, wanamrundika kwenye maji kidogo, wakubwa kwa wadogo. Kweli hafi upesi. Lakini wanang'atana, wanachomana kwa miiba ya mapezi ya ubavuni, na anayeshindwa kupanda juu kuvuta hewa kwa sababu ya msongamano anazama akiwa hai. Kuvumilia mateso si ruhusa ya kuteswa. Nilimwambia hivyo, naye alikubali kwamba kambale watengwe kwa ukubwa na wapungue nusu. Sijaona bado kama ametekeleza, kwa hiyo kwa sasa sipendekezi huduma yake ya samaki wakubwa.

Kuna jambo moja la samaki wakubwa ambalo namsifu. Jirani alimwuliza kwa nini asitumie mafuta ya karafuu kuwalevya, maana amesikia yanatuliza. Yanatuliza kweli, kiungo chake kikuu kinatumika kuwalaza samaki wakati wa kuwapima au kuwakamua mayai. Lakini samaki wanaokwenda kuliwa jioni ileile hawapaswi kuwekewa dawa ambayo hakuna aliyepima kiasi chake wala muda wa kutoka mwilini. Alikataa, na mimi kama mtu wa maabara nimesimama naye. Maji baridi, giza, tumbo tupu na nafasi ya kutosha vinatuliza vya kutosha.

Bei. Nililipa shilingi 130,000 za usafiri kwa vifaranga elfu moja, mbali na bei ya vifaranga vyenyewe. Buti la basi ni rahisi sana kuliko hapo, sikatai. Ila hapokei oda chini ya elfu moja, na hili linawaumiza akina mama wenye bwawa moja dogo la mita chache, ambao mia tatu zinawatosha. Nimewashauri wa mtaani kwangu tuagize kwa pamoja, na mzigo ushushwe kwangu alfajiri, kila mtu aje na ndoo zake zenye mfuniko na maji ya bwawa lake. Yeye mwenyewe hataki kugawa mifuko barabarani, kila kituo ni mshtuko mpya, na sababu hiyo naielewa. Lakini angeweza kufunga mifuko midogo tangu Morogoro, kila mteja na wake, bila kufungua chochote njiani. Hilo nimemwomba rasmi.

Malalamiko mengine ni mepesi. Hapokei simu akiwa safarini, kwa hiyo utangoja gizani bila kujua amefika wapi. Angempa kijana wake kazi ya kutuma ujumbe akifika Gairo na Chamwino. Risiti anaandika kwa mkono bila tarehe ya kuvuliwa wala idadi kwa kila mfuko, na mfugaji anayetunza kumbukumbu anahitaji vyote viwili.

Kwa atakayeagiza sasa: Oktoba na Novemba joto letu linapopanda, anasafiri usiku tu na anapunguza idadi ya vifaranga kwa mfuko, kwa hiyo nafasi zinajaa mapema. Hakikisha bwawa limejazwa angalau wiki moja kabla. Pima joto la maji asubuhi na jioni umpe namba zote mbili. Weka kivuli upande mmoja, hata cha majani ya mgomba. Siku ya kupokea, watoto na mbwa wakae ndani, na uwe na tochi, kwa sababu gari litafika kabla hakujapambazuka.